Bei ya Shahidi



Juma hili tumemaliza kusoma riwaya iitwayo A Burning, ya Megha Majumdar, mzaliwa wa Kolkata nchini India, iliyotoka mwaka 2020. Tulidhani tunasoma habari za watu wa mbali. Tulipofunga kitabu, tuliona haya.

Jivan ni msichana Mwislamu anayeishi katika mtaa wa mabanda na kuuza nguo dukani. Treni inachomwa moto karibu na kwao, watu zaidi ya mia moja wanakufa. Anaandika maneno machache katika Facebook akiwahoji polisi waliosimama wakitazama, naye anakamatwa kama gaidi. Mtoto wa tajiri angeambiwa ana ulimi mrefu. Kwa maskini tena Mwislamu, maneno yale yanageuka ushahidi.

Lakini kilichotuchoma zaidi ni watu wawili waliomjua. Mwalimu wake wa zamani wa mazoezi ya viungo alikuwa akimpa chakula shuleni. Sasa ameonja utamu wa chama cha siasa kinachopanda, na anakwenda mahakamani kushuhudia uongo dhidi ya watu asiowajua. Wa pili ni Lovely, ambaye Jivan alikuwa akimfundisha Kiingereza. Ni mmoja wa hijra, watu wa jinsia ya tatu wanaodharauliwa hata na maskini wenzao. Lovely anasema kweli mbele ya hakimu. Kisha mlango wa filamu unamfungukia, naye anajitenga na rafiki yake. Kila mmoja alitaka kupanda ngazi moja tu. Jivan ananyongwa.

Wala tusijifariji kwamba hayo ni ya Wahindu na Waislamu. Arundhati Roy, katika The God of Small Things ya mwaka 1997, anasimulia juu ya Wakristo wa Kerala. Velutha, fundi seremala, ni wa ukoo wa watu waitwao wasioguswa. Babu yake aliingia Kanisa la Kianglikana ili kuikimbia aibu hiyo. Huko wakatengewa kanisa lao na padre wao. Anayemsingizia Velutha kwa polisi ni Baby Kochamma, ambaye ujanani aliingia Ukatoliki na kukaa kwa masista. Velutha anapigwa hadi kufa.

Nasi tuungame. Miaka iliyopita, binti mmoja Mwislamu, mfanyakazi wa ndani, alishtakiwa wizi na familia iliyochangia sana ujenzi wa kanisa. Watu wakasema, "Wale ndivyo walivyo." Saa ile iliyotajwa, binti alikuwa kwenye bomba la parokia akiteka maji, na tulisalimiana. Tulinyamaza. Tulijiambia kwamba tutamwombea. Alirudi kwao na mfuko mmoja. Paa la kanisa likakamilika.

Amri ya Nane tumezoea kuiungama kama uongo mdogo mdogo. Tukumbuke kwamba Petro hakumchukia Bwana. Alitaka tu kuendelea kuota moto pamoja na wengine.

Juma hili, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani anayengojea neno letu, na kunyamaza kwetu kumetupatia nini?

Bwana awe nanyi.