Gari la Kukodi katika Milima ya Uswisi

Uswisi ni nchi isiyo na bahari, yenye eneo la kilomita za mraba 41,285, yaani kama sehemu moja ya sita ya Uganda. Udogo huo humdanganya mgeni. Aonapo katika ramani jinsi miji ilivyokaribiana, hudhani kwamba akishakodi gari uwanjani mwa ndege mambo yote yamekwisha, na kwamba bei aliyotajiwa dirishani ndiyo gharama ya safari. Kumbe bei hiyo ni mwanzo tu wa hesabu.

Kwanza, kampuni hutaka kadi ya mkopo, nayo huzuia humo kiasi kikubwa cha fedha kiwe dhamana mpaka gari lirudi salama. Dereva ambaye hajatimiza miaka 25 mara nyingi hutozwa nyongeza. Kisha kuna ushuru wa barabara kuu zenye vibao vya kijani: hazipitiwi bila stika ya franka 40, ambayo ni ya mwaka mzima, ya siku moja au ya wiki haiuzwi. Atakayekamatwa bila stika hutozwa faini ya franka 200, na bado hulazimika kuinunua. Barabara zenye vibao vya buluu hazina ushuru huo, ila mwendo wake ni wa polepole.

Gari lililokodiwa ndani ya Uswisi kwa kawaida huwa na stika tayari. Lakini uwanja wa ndege wa Basel umejengwa katika ardhi ya Ufaransa, nao una upande wa Kifaransa na upande wa Kiswisi. Magari ya upande wa Kifaransa mara nyingi ni rahisi zaidi, na wageni wengi huyakimbilia. Baadaye hugundua kwamba hayana stika, na pengine, wakati wa baridi, hayana hata matairi ya theluji. Yafaa kuuliza mambo hayo kabla ya kutia sahihi.

Askari wa usalama barabarani watapendezwa na sheria za huko. Mwendo wa mijini ni kilomita 50 kwa saa, nje ya miji 80, na katika barabara kuu 120. Mtu akizidisha kilomita moja mpaka tano tu mjini, hulipa franka 40. Akizidisha kati ya 11 na 15, hulipa 250. Kupita hapo shauri huenda mbele, na adhabu yaweza kupimwa kwa kipato cha mkosaji. Mwaka 2010 tajiri mmoja katika jimbo la St. Gallen alitozwa karibu franka 300,000. Tangu mwaka 2013, anayekwenda kilomita 100 mahali pa 50 hukabiliwa na kifungo. Kurudi nyumbani si kuokoka, kwa maana kampuni hutoa jina la mkodi kwa polisi, na aghalabu hukata ada yake juu ya faini.

Msafiri wa Rwanda, Burundi au Kongo ana nafuu moja: amezoea kupita kulia. Mwenzake wa Uganda, Kenya au Tanzania hana budi kujifunza upya, hata katika kipilefti, ambacho huko jina lake halina maana tena. Hatari haimo sana katikati ya mji, ambako magari mengine humwonyesha njia. Imo alfajiri, atokapo katika kituo cha petroli na barabara ni tupu. Kwa wenye familia, mtoto aliye chini ya miaka 12 na ambaye hajafikia kimo cha sentimita 150 lazima awe na kiti chake.

Milimani ndiko gari linakolipa gharama yake. Chini ya mlima Gotthard lipo handaki la barabara la karibu kilomita 17, lililofunguliwa mwaka 1980. Magari hupishana katika tundu moja, na mnamo Oktoba 2001 malori mawili yaligongana humo, moto ukawaka, watu 11 wakafa. Siku za likizo misururu ya magari hungoja mlangoni. Asiye na haraka hupanda njia ya juu, mita 2,106 kutoka usawa wa bahari, ambayo hufungwa majira ya theluji. Huko, katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Uswisi chini ya Jenerali Henri Guisan lilijiimarisha kwa ngome zilizochimbwa mwambani. Moja, Sasso da Pigna, sasa ni makumbusho.

Katika njia nyembamba, anayeteremka humpisha anayepanda. Palipo na kibao cha buluu chenye baragumu la manjano, basi la posta ndilo lenye amri, na dereva wake akimwambia mgeni arudi nyuma, hurudi. Kuteremka ni kwa gia ndogo. Anayekanyaga breki kutwa huzichoma.

Kwa safari za mji hadi mji, gari ni mzigo. Treni hufika kwa wakati, na maegesho mijini ni ghali. Zermatt, chini ya mlima Matterhorn, magari ya petroli hayaruhusiwi kabisa. Wageni huyaacha Täsch, hupanda treni kwa dakika 12 hivi, na kwa siku zote watakazokaa juu hulipia kodi ya gari na ya mahali liliposimama.