Mtaji Bila Vipuri

Mtaji ni mali inayowekwa ili izae mali nyingine. Mjini Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilijengwa kiwanda cha kutengeneza jozi milioni 4 za viatu kwa mwaka. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana. Hakikufikia hata jozi 10 kwa kila 100 zilizokusudiwa. Mwaka 1990 kilisimama.

Mimi bwana shamba nilikosea vivyo hivyo. Niliwashauri wanakijiji wa milima ya Uluguru wanunue mashine ya kusaga. Sikuuliza dizeli itapandaje mlima, wala nani ataitengeneza. Ilipoharibika, akina mama walirudia kinu na mchi. Mpaka leo naona haya.

Kabla ya kununua mashine, ulizeni: Mafuta yatatoka wapi? Vipuri je? Fundi ni nani?