King'ora Kilipolia Lwera

Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka hupita Mpigi na Buwama, akafika Kayabwe, mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara. Hapo wageni husimama kupiga picha. Mbele yake barabara huteremka hadi daraja la mto Katonga na bonde la Lwera, nchi ya mafunjo, mpunga na mashimo ya mchanga, ambako upepo wa Ziwa Viktoria huvuma pasipo kizuizi. Bonde hili si la kuchezewa. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya Katonga yaliikata barabara hiyo darajani, na magari ya Masaka yakalazimika kuzunguka kupitia Sembabule.

Katika bonde hilo ndipo gari langu lilipokufa.

Siku hiyo nilikuwa nikimpeleka mama yangu Masaka kumzika kaka yake, aliyestaafu polisi akiwa sajini. Mazishi yalikuwa saa kumi alasiri. Tangu tulipoondoka nyumbani mama alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu, nataka kumwona uso kabla hawajamfunika."

Saa saba na nusu tulisimama Lwera kununua samaki wa kupeleka matangani. Nilipozungusha ufunguo ili tuondoke, gari lilitoa mlio mmoja mdogo, kisha taa zote zikazimika. Papo hapo king'ora kikaanza kulia kwa ukali. Nilibonyeza rimoti mara kumi, bila faida. Askari wa usalama barabarani alikuja mbio kuuliza gari ni la nani, nami nikamwonyesha kadi yake. Kijana mmoja akaleta kisu, akasema, "Tuzikate nyaya za king'ora, mzee, uende zako." Kwa jinsi nilivyoharakishwa, nilikuwa karibu kukubali.

Ndipo mzee mmoja, mnunuzi wa samaki kama mimi, aliponyosha mkono. "Weka kisu chako, kijana. Mlinzi akipiga kelele, humpigi mlinzi, unatazama alichokiona." Alikuwa ameendesha malori ya jeshi miaka mingi.

"Washa taa kubwa," aliniamuru. Hazikuwaka. "Piga honi." Kimya. Akatueleza kwamba king'ora kikilizuia gari, kwa kawaida huzuia stata au mafuta tu, na taa hubaki zikiwaka. Taa, honi na stata vikifa pamoja, tazama kwanza betri, nyaya zake na fyuzi kubwa.

"Na king'ora kinalia kwa umeme gani, afande?" nilimwuliza.

"Ving'ora vingine vina betri ndogo ndani yake. Umeme wa gari ukikatika ghafla, hudhani mwizi amekata waya."

Akaomba funguo zangu. Miongoni mwake palikuwa na kifunguo kidogo ambacho sikujua kazi yake. Mzee alikitia katika tundu la king'ora chini ya boneti, akakizungusha, na bonde likatulia.

Kisha akagusa kichwa cha hasi cha betri. Kilizunguka kwa kidole, nacho kimejaa unga mweupe. Waya uliolegea huweza kupitisha umeme mdogo wa taa, lakini stata huvuta umeme mwingi, na hapo kila kitu hukatika. Alifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akausafisha unga kwa maji ya moto ya muuza chai, akavikwangua vichwa kwa msasa na kuvikausha. Wakati wa kurudisha alianza na chanya, akamaliza na hasi, akakaza kwa spana namba 10. Kijana wa kisu alipotaka kuwasha sigara karibu, alifukuzwa, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Nilizungusha ufunguo. Gari likawaka.

Baadaye fundi wa Masaka alilipima. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma, kwa kawaida huwa kati ya 13.8 na 14.4. Ikipungua hapo, alteneta au mkanda wake una kasoro. Gari langu halikuwa na kosa jingine. Kama tungezikata zile nyaya, ningekuwa na gari lisilowaka na king'ora kilichoharibika.

Basi, ndugu wasomaji, kila mwezi fungueni boneti na kuvitikisa vichwa vya betri kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Wekeni spana garini, na kila dereva wa nyumba ajue kazi ya kila ufunguo alio nao.

Tulifika saa tisa na dakika ishirini. Jeneza lilikuwa bado wazi. Mama aliingia peke yake, nami nikabaki mlangoni, mikono yangu ikinuka betri na samaki, mpaka aliponiita nami nimwage mjomba.