Mlango Usio na Kiingilio

Tulipokuwa wanafunzi mjini Paris mifuko yetu ilikuwa mitupu, lakini umri wetu ulikuwa na thamani. Tangu mwaka 2009 kijana asiyetimiza miaka 26, aliye mkazi wa nchi za Umoja wa Ulaya, huingia bure katika makumbusho ya taifa ya Ufaransa. Hatukuulizwa tumezaliwa wapi; hati ya ukaazi ilitosha.

Basi tukaizoea Louvre kama mtu aizoeavyo baraza ya jirani yake. Jumba hilo lilikuwa la wafalme, na ni Mapinduzi yaliyoufungulia umma milango yake mwaka 1793. Tuliona kwamba aliyelipa aghalabu hukimbia, asije akapunjwa: huitupia jicho Mona Lisa, kisha huyo! Sisi tuliweza kukaa jioni nzima mbele ya jiwe moja tu, lile jeusi lililochongwa sheria za Hammurabi, tukaondoka, na juma lililofuata tukarudi kulitazama tena. Ndivyo tulivyojifunza kutazama.

Lakini mmoja wetu alikuwa amekwisha kuupita umri huo. Mara kadhaa alitungoja nje, penye piramidi ya vioo, akisema hana haja. Tulijua anayo. Kwa hiyo tukapatana kwenda makumbusho ya Quai Branly Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo kila mtu huingia bila malipo.

Humo tulizikuta sanamu tatu za wafalme wa Dahomey, zilizotekwa na jeshi la Kifaransa mwaka 1892: mmoja ana manyoya ya ndege, wa pili kichwa cha simba, wa tatu umbo la papa. Mwenzetu huyo, mwana wa mchonga vinyago wa Mtwara, alizichunguza alama za tezo kwa jicho la fundi. Hatimaye akauliza, "Ndugu zangu, na mwanafunzi wa huko zilikotoka, kiingilio chake ni kiasi gani?"

Tukahesabu moyoni nauli ya ndege na taabu ya viza, tukanyamaza. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa lake lilikuwapo, mwenyewe hayupo.

Novemba 2021 sanamu hizo, pamoja na vitu vingine vya hazina hiyo, jumla yake 26, zilirudishwa Benin. Siku hiyo tulikuwa tumekwisha kurejea nyumbani, tukafurahi. Kisha furaha ikachanganyika na haya. Miaka yote ya shule tulipita Barabara ya Shaaban Robert, mbele ya Makumbusho yetu ya Taifa, bila hata mara moja kuingia. Hapakuwa na bahari wala viza ya kutuzuia.

Jumamosi iliyofuata tuliwachukua watoto wetu, tukaenda. Yule mwana wa mchongaji ndiye aliyetangulia mlangoni, akatulipia sote.