"Huyu Si Yeye"

Wasee, leo nakiri kitu. Ile picha ya babu iliyowekwa mbele ya jeneza niliihariri mimi, na ilikuwa mbaya.

Kwa monita yangu ilikuwa safi kabisa. Uso unang'aa, Mlima Kasigau nyuma. Nikapanda matatu hadi Voi, nikaprinti kubwa, nikarudi nayo Rukanga kwa fremu. Nyanya akaitazama sana. "Mjukuu wangu, huyu si yeye." Babu alikuwa mweusi tii. Kwa picha alikuwa mwekundu kama udongo wetu, macho yamezama gizani.

Nikalaumu studio. Kumbe ni mimi! Monita ni mtumba ya elfu nne, na mwanga nilikuwa nimeupandisha mpaka mwisho. Skrini iking'aa hivyo, unaona picha imepauka, unaitia giza. Ikiwa na ubuluu, unaongeza wekundu. Halafu karatasi inakuanika.

Kuna kifaa cha kupimia rangi za skrini, na ni kizuri, sibishi, maana jicho huzoea chochote. Lakini kinagharimu kuliko monita yangu yenyewe.

Kwa hivyo nilirudisha mipangilio ya kiwandani, nikachagua sRGB (ukiikosa, weka 6500K), nikazima ile rangi ya manjano ya usiku, nikaiacha iwake nusu saa. Meza nikaitoa dirishani, juu jua la saa tisa likipiga huo udongo nje, chumba chote kinakuwa chekundu. Kisha nikapunguza mwanga hadi ukurasa mtupu ukafanana na karatasi nyeupe niliyoishika kando. Windows pia ina programu yake ya kurekebisha rangi, ya bure.

Bado haitoshi. Niliprinti picha ndogo ya nyanya na leso yake nyeupe, nikawaomba studio wasiguse rangi. Nikaishika kando ya skrini, nikarekebisha skrini, si picha. Safari tatu za Voi.

Enzi za filamu, Kodak walisambazia maabara kadi ya mwanamke Mzungu wapimie rangi za ngozi. Waliiita Shirley. Mimi Shirley wangu ni nyanya.

Juzi nikamletea babu mpya. Alikaa nayo mapajani kitambo.

"Hiyo sweta," akasema, "nilimnunulia Mwatate."