Ngano Mbili

Katika Kiswahili, ngano ni hadithi na ngano ni nafaka. Mimi nasomea ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonisomesha. Mama hupika chapati karibu na kituo cha matatu cha Kitengela, na karo yangu ya uzamili hutoka kikaangoni mwake.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, nilizipokea habari hizo kama masaibu ya mbali. Punde si punde bei ya unga ikapanda. Mama hakuthubutu kuongeza bei ya chapati, asije akawapoteza wajenzi wanaostaftahi kwake alfajiri, alipunguza donge. Hata hivyo, muhula ule nililipa nusu ya karo. Ndipo nilipotambua kuwa Kenya huagiza ng'ambo sehemu kubwa ya ngano inayoila, kwani mavuno ya Narok na Uasin Gishu hayatoshi, na kwamba kabla ya vita hivyo nyingi ilitoka katika nchi hizo mbili za Bahari Nyeusi.

Mwaka uo huo nilikwenda Kajiado kukusanya ngano za Kimaasai kwa ajili ya tasnifu. Ukame ulikuwa umefyeka mifugo. Mzee aliyenisimulia alikuwa amepoteza ng'ombe wengi, lakini si wote. Nikamuuliza waliosalia walinusurikaje.

"Kijana," akanijibu, "ng'ombe wangu hawalali boma moja. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki yangu wa mbali. Mvua ikininyima mimi, huenda isiwanyime wao."

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mzee huyu naye alitegemea wenziwe, ila hakumtegemea mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo taifa letu lilipoteleza. Kununua kwa jirani si aibu. Hatari ni kulaza kundi zima katika boma moja, bila akiba ghalani na bila kuuthamini mtama na wimbi wetu.

Niliporejea Kitengela nilimsimulia Mama maneno ya mzee. Hakusema neno. Juma lililofuata nilikuta sufuria ya pili kando ya kikaango: viazi vitamu na nduma.

Wanafunzi wenzangu, tunapozichambua ngano za wazee wetu, tusiishie kuhesabu wahusika na mafunzo. Wakati mwingine msimulizi hutuachia boma la kujihifadhi.