GARI YA MAMA, SEHEMU YA 3: Anza kukaa siti ya nyuma

Nimetoka zamu ya usiku, mkubwa kashaenda shule, mdogo kalala hapa pembeni yangu. Kabla na mimi sijafumba macho, ngoja nimalize deni la wiki iliyopita.

Sehemu ya 1 niliwaeleza mkopo wa SACCOS ya kazini. Sehemu ya 2 niliwasimulia ule usiku wa mvua niliopanda bodaboda na mdogo mgongoni ana homa. Wengi mkaniuliza: "Sasa sista, mwishowe ulinunua gari gani, na kwa nini?" Leo najibu. Ila kwenye jibu kuna jambo ambalo naona aibu kulisema. Nitalisema hivyo hivyo, maana ndilo lililonifundisha.

Kwanza mjue maisha yangu yalivyo. Naishi Nandagala, kazini naenda na kurudi kila siku ya zamu, asubuhi au usiku. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Nina watoto wawili, mmoja miaka 6, mmoja mwaka na nusu. Baba Watoto ana shamba la mikorosho, kwa hiyo kuna siku gari inabeba gunia, kuna siku inabeba jenereta la jirani, na kuna siku anagongewa mlango saa 8 usiku kwa sababu mke wa mtu ana uchungu.

Kwa maisha hayo, nilitaka gari ndogo kwa mafuta lakini yenye nafasi nyuma. Ndiyo nikaangukia kwenye haya magari ya stesheni wagoni, yale ambayo buti limeungana na ndani, ukilaza siti za nyuma unapata uwanja. Tukabaki na tatu: Toyota IST, Toyota Fielder na Subaru Impreza ya stesheni.

IST tuliitoa mapema. Gari nzuri, mafuta kidogo, ila buti lake dogo. Ukiweka begi la mtoto na ndoo mbili za unga, umemaliza.

Zikabaki mbili. Na hapo, mwenzenu, moyo wangu ulishachagua.

Mimi Subaru naipenda tangu mdogo. Kaka yangu alibandika ukutani picha ya Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu, ile iliyoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, ikashinda tena 2000. Nilikua naitazama hiyo picha kila siku. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna Impreza ya mwaka 2005 inauzwa Masasi, bei tunaiweza, usingizi ulikata. Haikuwa ya turbo, ilikuwa cc 1500 tu, lakini mwenyewe alikuwa ameivalisha: rimu za inchi 17, sketi pembeni, bomba la moshi kubwa. Ukiiwasha, kifua kinatetemeka.

Msinicheke. Nesi naye ni mtu.

Tukaenda Masasi mimi, Baba Watoto na mdogo. Tukapewa funguo tuijaribu. Baba Watoto kwenye usukani, mimi siti ya mbele, mkanda nimefunga, mtoto nimempakata. Dalali nyuma anasifia. Gari inateleza, mimi natabasamu kama bibi harusi. Hatukuwa tunakimbia, labda km 40 kwa saa.

Mbuzi akakatiza.

Baba Watoto akakanyaga breki. Na breki za ile gari zilikuwa nzuri jamani, zilishika papo hapo. Gari ikasimama, mimi mkanda ukanishika, mtoto akaniponyoka. Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, hii mikono inayoshika watoto wachanga kila siku leba, na akaniponyoka kama sabuni. Paji la uso likagonga dashibodi.

Alipata nundu tu. Alilia, akanyonya, akanyamaza. Nilimwangalia macho, nikamwangalia siku nzima na usiku wake kama mgonjwa wangu wa wodini. Hakutapika, hakulegea. Alhamdulillah.

Lakini mimi sikulala. Nimepokea majeruhi wa ajali, najua kichwa cha mtoto kikigonga kinavyokuwa. Kazini nawaambia kina mama mambo mengi kuhusu watoto wao, na mimi wangu nilimpakata siti ya mbele kwa sababu nilikuwa nasikiliza mlio wa bomba la moshi.

Sasa sikiliza, mama mwenzangu, nikueleze kwa hesabu, si kwa kukutisha. Gari likiwa km 50 kwa saa, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu likasimama, kila kilichomo ndani ambacho hakikufungwa kinaendelea na mwendo ule ule. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichoanguka kutoka mita 10 juu. Yaani mnazi mzima. Ungekubali kusimama chini ya mnazi na mtu juu akudondoshee mwanao umdake? Ndicho tunachokubali tunapompakata kwenye gari. Na km 80 kwa saa si mnazi tena, ni mita 25.

Kwa hiyo tatizo si upendo wa mama, wala mikono ya mama. Hakuna mikono ya binadamu inayoweza. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiti cha mtoto cha gari kikitumika kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa 71%. Nikisikia chanjo yenye namba hiyo, nakimbia kuichukua.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia Baba Watoto: hatununui gari kabla ya kununua kiti. Akashangaa, "Kiti bila gari?" Nikamwambia ndiyo. Dada yangu akakitafuta Kariakoo, kikaja kama kifurushi kwenye basi. Kina mama wa kijijini wakaja kukishangaa kikiwa sebuleni, mtoto akakizoea kwa kukalia akila uji.

Halafu tukarudi Masasi na kiti chetu kwenye mfuko. Safari hii sikuwasha gari. Nilifungua mlango wa nyuma, nikakaa siti ya nyuma.

Na hapo ndipo picha ya ukutani ilipoanza kuchanika. Kava za siti za ile Impreza zilikuwa nzuri, nyekundu na nyeusi, zimeshonwa kwa nyuzi za dhahabu. Lakini vile vifungo vya kuchomekea mikanda havionekani, vimefunikwa na kava. Tukaingiza mkono chini, kimoja tukakipata, kingine kimevunjika. Mkanda wa upande wa kushoto ukiuvuta, haurudi. Wazee walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Niwe mkweli, Impreza kama Impreza si gari mbaya. Mtu wa lami, mwenye fundi wake wa Subaru, ataifurahia miaka. Lakini fundi wetu aliniambia mambo matatu nikayaelewa. Moja, rimu kubwa maana yake tairi jembamba, mpira ni mdogo kati ya chuma na shimo. Kwa barabara zetu utapinda rimu. Mbili, ile inavuta matairi yote manne, kwa hiyo tairi zinatakiwa ziwe zinafanana na zimelika sawa; ukiharibu moja unaweza kujikuta unanunua zaidi ya moja. Tatu, injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, hata kubadilisha plagi mkono unaingia kwa tabu, na si kila fundi anaiweza.

Dalali akaona uso wangu. Akasema, "Dada, kuna Fielder kwa jamaa yangu pale nyuma, kaitazame."

Fielder ya mwaka 2008, cc 1500, rangi ya fedha. Nayo ilikuwa na uspoti wake, bampa la chini na kijimkia juu ya kioo cha nyuma. Nikakaa nyuma tena. Mikanda mitatu, nikaivuta mmoja mmoja kwa nguvu ya ghafla: inakamata. Nikaiachia: inarudi. Vifungo vyote vinalia "ka!" Nikafunga kiti cha mtoto, nikakishika pale mkanda unapopita, nikakitikisa. Kisizidi sentimita mbili na nusu kucheza, ndiyo kipimo. Hakikucheza. Nikamweka mtoto, akachukua biskuti yake, akatuangalia kama bosi.

Baada ya hapo ndiyo nikakaa mbele.

Injini ya hiyo Fielder ni 1NZ, ndugu moja na ya Probox, Raum na Spacio ya cc 1500. Kwa hiyo vipuri vyake huvisaki kwa tochi. Tuliinunua milioni 14. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kutoa ule urembo wa chini ya bampa uliokuwa unakwaruza tope, na kuweka shokapu mpya. Mafuta, lita moja inanipa km 13 au 14 kwa njia yangu. Na nikiwa peke yangu asubuhi, nimetoka zamu salama, barabara nyeupe, nafungua kioo, naisikia inavyovuta... bado naitwa dereva jamani, roho imetulia.

Mambo hayakuwa mepesi. Wiki ya kwanza mdogo alilia kila safari. Mama mkwe akasema, "Mjukuu wangu unamfunga kama mbuzi wa sikukuu?" Nikamjibu, "Mama, mbuzi tunamfunga asipotee. Na huyu sitaki nimpoteze." Akanyamaza. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza, "Umemfunga?" kabla sijawasha. Kanuni ya kwetu ni moja, gari haiondoki mpaka wote tumefungwa, hata kama tunaenda dukani tu. Mbuzi hajui kama safari ni fupi.

Sasa kama nawe unatafuta gari, chukua haya kutoka kwangu.

Nenda na kiti cha mtoto, au angalau nenda na mtoto. Vua kava za siti, tafuta vifungo vya mikanda yote ya nyuma. Dalali akikasirika, mwache akasirike.

Mtoto mdogo anakaa nyuma, na kiti chake kinaangalia kule kunakotoka gari, yaani kampa dereva mgongo, kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu uzito na urefu wake. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini, mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo. Kiti cha namna hiyo usikiweke kamwe mbele ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofyatuka kwenye dashibodi. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, kwa mtoto unaua.

Mkubwa wa miaka 6 naye ana kikalio chake cha kumnyanyua, ili mkanda upite begani na nyongani, usipite shingoni na tumboni.

Kiti cha mtumba kikague. Kama kimepasuka, mkanda umepungua, au hujui kama kilishapata ajali, kiache.

Tairi lina namba nne za mwisho ubavuni. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zuri kwa macho linaweza kuwa zee.

Na wewe usiye na gari, usijisikie nimekusahau, mimi mwenyewe juzi tu nilikuwa huko. Ukipewa lifti au ukikodi teksi, kaa nyuma na mtoto, usikae mbele umempakata. Funga mkanda wako wewe, usiuzungushe wewe na mtoto pamoja, maana uzito wako ndio utakaomkandamiza. Na mwambie dereva apunguze mwendo. Kumpakata hakuwi salama kwa sababu umekaa nyuma, lakini dashibodi utakuwa umeiepuka, na mwendo ukipungua kishindo kinapungua. Ni gari ya watu, lakini mtoto ni wako. Sema.

Nundu ya mwanangu ilishapona, haina hata alama. Mimi yangu ipo. Kila nikisikia Subaru inapita na ule mlio wake, nageuka kuitazama, bado nzuri. Halafu nageuka nyuma kuangalia kama mkanda wa mdogo umekaza.

Sehemu ya 4 nitaeleza siku tuliyombeba jirani mwenye uchungu kwenye hii Fielder, na vitu vitano ninavyoviweka kwenye buti tangu siku ile. Kwa sasa naomba nilale, leo usiku narudi zamu.